Kimeng'enya cha damu: historia inayounganisha malaria, dawa na kansa, toka Kongo hadi Nairobi

Fizi, Kivu Kusini. Kando ya Ziwa Tanganyika, toka Mboko mpaka Kazimia, hakuna nyumba isiyoijua malaria. Wanaijua wavuvi, wanaijua wakulima wa Mutambala, na familia zilizoshuka kutoka milima ya juu zikikimbia vita zimeijua zaidi, kwa sababu kule juu kwenye baridi mbu ni wachache, na mwili wa mtoto aliyezaliwa huko haujazoea kupambana na homa ya ziwani.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba malaria imeacha alama ndani ya damu yenyewe ya watu wa Afrika, alama inayorithiwa toka mama hadi mtoto. Alama hiyo iko kwenye jeni ya kimeng'enya kimoja kinachoitwa kwa kifupi G6PD. Kwa watu wengi ina maana ndogo. Kwa wengine inaamua dawa gani itawaponya na dawa gani itawaharibia damu. Tena ni jeni hiyohiyo, kwa kupitia watoto wagonjwa waliotibiwa Nairobi, iliyowasaidia wanasayansi kujibu swali la zamani kuhusu kansa.

Hii ndiyo historia yake.

Njia mbili za sukari

Kimeng'enya ni kitu kidogo sana ndani ya mwili kinachofanya kazi fulani iende haraka. Mwili una maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja kina kazi yake. Maelekezo ya kukitengeneza yameandikwa kwenye jeni, ambazo mtu anazirithi kwa wazazi.

Kazi ya G6PD inaeleweka vizuri ukimfikiria mvuvi wa Baraka. Akiuza ndagala, pesa nyingi zinaenda kununua chakula na mafuta ya mota. Lakini mvuvi mwenye akili anaweka sehemu pembeni, ya kushona nyavu na kutengeneza mtumbwi. Asipofanya hivyo atakula leo, ila baada ya mwezi nyavu zote zitakuwa matundu.

Seli za mwili nazo zinafanya vivyo hivyo na sukari. Sehemu kubwa inachomwa ili kupata nguvu. Sehemu nyingine inapelekwa kwenye njia ya pili, ya kukarabati na kujenga. G6PD ndicho mlinzi wa kizuizi kwenye njia panda hiyo: ndicho kinachofungua njia ya pili na kuamua sukari kiasi gani ipite.

Chembe nyekundu ya damu inaitegemea njia hiyo kuliko seli nyingine zote. Inabeba oksijeni kila siku kwa muda wa siku zipatazo 120, na oksijeni ina tabia ya kuchakaza, kama inavyochakaza chuma kikaota kutu. Chembe hiyo haina namna nyingine ya kujikinga isipokuwa kinga inayopatikana kwa kazi ya G6PD. Kimeng'enya kikiwa kidogo, mara nyingi chembe inaendelea kuishi karibu siku za kawaida. Lakini likija jambo la kuichosha, kwa mfano dawa fulani au maambukizi makali, inapasuka.

Aliyekitambua kimeng'enya hiki mwanzoni mwa miaka ya 1930 ni Mjerumani Otto Warburg. Huyo huyo alikuwa ameonyesha, miaka ya 1920, kwamba seli za kansa zinatumia sukari kwa namna isiyo ya kawaida. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mambo hayo mawili yangekuja kukutana.

Dawa iliyowadhuru baadhi ya watu

Katika miaka ya 1920 Wajerumani walitengeneza dawa ya malaria iliyoitwa pamakwini. Ilifanya kazi ambayo kinini haikuweza: iliua vimelea vilivyojificha kwenye ini. Muda si mrefu madaktari wakaona jambo la kutisha. Wagonjwa wengi walipona vizuri, lakini wachache walianza kukojoa mkojo mweusi kama chai kali, macho yakawa ya manjano, nguvu zikaisha. Damu yao ilikuwa inapasuka ndani ya mishipa.

Baada ya vita kuu ya pili Wamarekani walikuwa na dawa ya ukoo huohuo, primakwini, waliyowapa wanajeshi waliotoka kupigana Korea. Tatizo likawa lilelile: kati ya wanaume weusi wa Marekani, kama mmoja kwa kila kumi damu yake iliharibika. Kwa nini yeye, na si mwenzake aliyemeza kidonge kilekile?

Jibu lilitafutwa mahali ambapo leo panaleta maswali mengi: gereza la Stateville, katika jimbo la Illinois. Tangu 1944 wafungwa wa pale waliumwa na mbu wenye malaria kwa makusudi ili dawa zijaribiwe. Walitia sahihi kwamba wamekubali, lakini mtu aliye nyuma ya nondo, anayetumaini kupunguziwa kifungo, hawezi kusemwa kwamba amekubali kwa uhuru kamili. Kazi hiyo ilisimamishwa mwaka 1974.

Mwaka 1954 madaktari wa Chicago, Raymond Dern, Alf Alving na wenzao, walichapisha jaribio rahisi. Walichukua chembe za damu za mtu ambaye dawa inamdhuru, wakazitia alama, wakazipandikiza kwa mtu ambaye haimdhuru. Huyo wa pili alipomeza primakwini, chembe ngeni zilipasuka, zake zikabaki salama. Kwa hiyo kasoro ilikuwa ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 Alving na wenzake, akiwamo Paul Carson, walitoa jibu kamili: chembe hizo zina upungufu wa G6PD.

Mkimbizi aliyechunguza damu ya Wakongo

Mmoja wa walioendeleza kazi hiyo ni Arno Motulsky, na maisha yake yanafanana na ya familia nyingi zinazosoma habari hizi.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1923, katika familia ya Kiyahudi. Mwezi wa tano 1939, akiwa na miaka 15, alipanda na mama yake na ndugu zake meli iliyoitwa St. Louis, yenye abiria zaidi ya 900 waliokuwa wanakimbia utawala wa Hitler. Walifika Cuba, wakakataliwa kushuka. Marekani nayo haikuwapokea. Meli ikarudi Ulaya, na familia yake ikapokelewa Ubelgiji. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaivamia Ubelgiji. Kijana Motulsky akakamatwa na kupelekwa kwenye kambi za kuzuilia watu huko Ufaransa. Alifaulu kufika Marekani mwaka 1941, akasoma udaktari, na mwaka 1957 akaanzisha idara ya tiba ya urithi katika chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle.

Mwaka huohuo wa 1957 aliandika kwamba watu wawili wanaweza kumeza dawa moja, mmoja akapona na mwingine akadhurika, kwa sababu ya jeni walizorithi. Leo wazo hilo ni tawi zima la udaktari.

Swali lililobaki lilikuwa hili: kama upungufu wa G6PD una hatari, kwa nini haukupotea? Kwa nini uko kwa watu wengi hivyo Afrika, Asia na kandokando ya bahari ya Mediterania, wapatao milioni 400 duniani? Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu, ugonjwa ambao hapa Kongo wengi wanauita SS, ana kinga fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1960 alichapisha vipimo vya G6PD vya watu wa Afrika Mashariki na kuona njia ileile: palipo na malaria nyingi, ndipo upungufu wa G6PD unapopatikana zaidi.

Mwaka 1966 ikaja zamu ya Kongo. Motulsky, pamoja na Jean Vandepitte, Mbelgiji aliyefundisha chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, na George Fraser, walitoa utafiti wao juu ya watu wa Kongo. Waliangalia mambo matatu kwa pamoja: upungufu wa G6PD, selimundu na malaria. Kwa namna hiyo damu ya Wakongo iliingia kwenye vitabu ambavyo wanafunzi wa udaktari duniani wanavisoma mpaka leo.

Somo la kazi hizo linafaa kurudiwa katika nchi ambayo watu wanauana kwa ajili ya kabila. Jeni hii haifuati kabila. Inafuata mbu. Watu wa lugha tofauti ambao mababu zao waliishi kwenye bonde moja la malaria wanafanana kwa jambo hili kuliko ndugu wa lugha moja ambao baadhi yao waliishi mlimani na wengine ziwani.

Kinga yenyewe si ya bure. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, uliojumuisha watoto wa nchi nyingi za Afrika, ulionyesha kwamba upungufu wa G6PD unapunguza hatari ya malaria ya ubongo, lakini unaongeza hatari ya kuishiwa damu kabisa mtoto anapougua malaria.

Nairobi: kansa inaanza na seli ngapi?

Hapa ndipo historia inapogeukia kansa.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alimwona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akawaona wengine wengi. Ilikuwa kansa inayokua haraka kuliko karibu kansa nyingine zote, na aliposafiri nchi hadi nchi kuuliza hospitali, aligundua kwamba inafuata maeneo ya joto na mvua, kama malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walipata virusi katika uvimbe uliotumwa London toka Uganda. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo, vikisaidiwa na malaria inayorudi kila mara, vinamfungulia njia uvimbe wa Burkitt.

Lakini swali moja lilikuwa halijajibiwa kwa kansa yoyote. Je, uvimbe unaanza na seli nyingi zilizoharibika kwa wakati mmoja, au na seli moja tu iliyoasi ikazaa nyingine?

G6PD ilitoa njia ya kupima. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, mwanamke ana mbili. Mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza alieleza kwamba katika kila seli ya mwanamke X moja inazimwa. Sasa, kwa watu wa asili ya Afrika G6PD ina aina mbili zinazoonekana wazi kwenye kipimo, aina A na aina B, na zote mbili zinaweza kufanya kazi vizuri. Mwanamke aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine ana mwili uliochanganyika: seli hii ina A, jirani yake ina B, kama shamba lililopandwa mahindi meupe na ya manjano.

Ukichukua kipande cha ngozi yake utakuta A na B. Lakini uvimbe wake je? Ukiwa umetoka kwa seli nyingi, utakuwa na zote mbili. Ukiwa umetoka kwa seli moja, utakuwa na aina moja tu. Mwaka 1965 David Linder na Stanley Gartler wa Seattle walipima uvimbe wa kizazi usio wa kansa na kukuta kila uvimbe una aina moja.

Wasichana wa Afrika Mashariki wenye uvimbe wa Burkitt ndio waliopeleka jibu hilo kwenye kansa yenyewe ya nchi hizi. Peter Clifford, daktari wa hospitali ya taifa ya Kenyatta mjini Nairobi, alishirikiana na George Klein wa Stockholm na Philip Fialkow na Gartler wa Seattle. Mwaka 1970 walichapisha matokeo: kila uvimbe wa Burkitt ulikuwa na aina moja tu ya G6PD. Kansa ile yote, taya lote lililovimba, ilitoka kwa seli moja.

Leo hilo ni fundisho la kwanza kuhusu kansa kila mahali. Kansa ni uzao wa seli moja iliyoacha kutii. Ndiyo sababu kuiwahi mapema kuna maana: ukiwahi, unapambana na kizazi kidogo. Majina ya madaktari yako kwenye vitabu. Ya wasichana waliotoa damu na vipande vya uvimbe hayamo.

Seli za Henrietta Lacks

Gartler aligundua jambo jingine. Maabara za dunia zilikuwa zinafuga seli za kansa za aina mbalimbali, zikisemekana zimetoka kwa watu mbalimbali, wakiwamo Wazungu. Alipozipima, mwaka 1966 akatangaza kwamba nyingi kati yake zina G6PD ya aina A, ambayo inapatikana kwa watu wa asili ya Afrika.

Ziliwezaje kuwa hivyo? Zote zilikuwa zimevamiwa na seli za mtu mmoja: Henrietta Lacks, mama mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951, akiwa na miaka 31, kwa kansa ya shingo ya kizazi. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, zikakua kwa nguvu kiasi cha kuingia kwenye chupa za wengine. Kazi za miaka mingi zilibidi zitazamwe upya, na kilichofichua kosa ni alama ya Kiafrika kwenye kimeng'enya kimoja.

Kimeng'enya kikigeuka mtumishi wa kansa

Turudi kwa mvuvi. Seli ya kansa ni kama mvuvi ambaye hataki tena kulisha nyumba, anataka tu kujenga mitumbwi mipya usiku na mchana. Njia ya pili ya sukari, ile inayofunguliwa na G6PD, ndiyo inayompa mbao: vifaa vya kutengenezea jeni mpya kila seli inapogawanyika, na kinga dhidi ya uchakavu. Ndiyo maana katika kansa kadhaa kimeng'enya hiki kinakutwa kikifanya kazi kupita kawaida.

Mwili wenye afya una breki. Protini iitwayo p53, ambayo ni mlinzi mkuu dhidi ya kansa, inaibana G6PD isizidishe. Hilo lilionyeshwa mwaka 2011. Katika kansa nyingi p53 imeharibika, breki imekatika, na sukari inamwagika kwenye ujenzi. Wanasayansi wanatafuta namna ya kuibana tena, lakini hakuna dawa ya kansa ya namna hiyo inayotolewa hospitalini kwa sasa, na anayeuza chai au unga sokoni kwa jina hilo anadanganya.

Kwa familia za Fizi na Baraka

Historia hii ina mambo machache ambayo mzazi anaweza kuyatumia leo.

Kwanza, upungufu wa G6PD si uchawi na si kosa la mama. Mtoto wa kiume anarithi X yake kwa mama, kwa hiyo wavulana ndio wanaoonyesha tatizo zaidi. Mama anaweza kubeba jeni hiyo maisha yake yote bila kuumwa, na hakuichagua, kama baba asivyochagua rangi ya macho yake.

Pili, dawa za malaria zinazotolewa kila siku kwenye vituo vya afya, zile za mchanganyiko zenye artemisinini, hazimo kwenye orodha ya hatari. Mtoto mwenye homa apimwe na anywe dawa yake yote. Zinazohitaji uangalifu ni primakwini kwa dozi kubwa au ya siku nyingi, tafenokwini, dapsoni inayotumika kwa ukoma, na, kwa wagonjwa wa kansa, rasburikase. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kilo, bila kupima G6PD kwanza. Hatari ya dawa ilishawahi kugharimu Afrika: dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliidhinishwa 2003 na kuondolewa 2008 baada ya kuonekana inapunguza damu ya watoto wenye upungufu huu.

Tatu, vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza nondo visiwekwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Harufu yake inaweza kupasua damu ya mtoto mwenye upungufu huo na kumletea manjano makali. Kuhusu chakula, maharage yanayojulikana kwa hatari hii ni yale makubwa ya nchi za Mediterania, yanayoitwa kwa Kifaransa fèves. Maharage ya kawaida ya soko la Baraka yaliwe bila hofu.

Nne, mkojo mweusi, macho ya manjano au kuishiwa nguvu ghafla baada ya dawa ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Malaria kali yenyewe inaweza kuleta dalili hizo, kwa hiyo asiwepo wa kujiamulia nyumbani.

Tano, mtoto akivimba taya au tumbo na uvimbe unakua kwa siku na wiki, asiishie kung'olewa jino. Uvimbe wa Burkitt unatibika kwa dawa ukiwahiwa. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1960, na Kampala ina taasisi ya kansa iliyoanzishwa 1967 kutokana na kazi hiyo.

La mwisho linawahusu waliohama. Familia nyingi zimekimbia mara mbili au tatu, nyingine zimepita Nyarugusu upande wa Tanzania na kurudi, na fishi za hospitali zimebaki kwenye nyumba zilizochomwa. Karatasi ikipotea, kumbukumbu inabaki kichwani mwa mama. Kama mtoto aliwahi kukojoa mweusi baada ya kidonge, au aliwahi kutiwa damu, au alizaliwa akawa wa manjano siku nyingi, muuguzi wa kituo kipya hawezi kujua. Amwambie kabla ya kuandikiwa dawa, na amwombe aliandike. Kama jina la dawa ile linakumbukwa, liandikwe pia. Reko wa kijiji au wa kambi anaweza kusaidia kuandika kwa yule asiyejua kusoma.